Mboga Zinanyauka na Udongo Umelowa: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kufungua Mfereji

Anayelima mboga pembezoni mwa Nairobi, Ruai, Kamulu, Utawala au upande wa Mlolongo, hahitaji kuambiwa kwamba maji ni pesa. Mfereji hutoa maji siku za mgao, siku nyingine hutoa hewa tu. Bauza hulipwa kabla dereva hajageuza gari. Maji ya kisima kirefu, yakipatikana, mara nyingi huja na chumvi yake. Ndiyo maana ploti nyingi za upande huu sasa zina dripu, yaani laini za kumwagilia kwa matone, na matandazo ya nyasi. Kisha mboga zinanyauka vilevile, na jambo la kwanza linalofanywa ni kuongeza maji.

Katika kazi ya kufunga na kukarabati dripu, simu ninayopigiwa zaidi ni hii: "Fundi, naweka maji kila siku na sukuma bado inalala." Nikifika nikachimba, mara nyingi maji yapo. Tatizo ni kwamba yapo mahali pasipofaa, au yamezidi, au yana kitu ndani yake, au mmea una ugonjwa ambao maji hayautibu. Kwa hiyo anza na dalili unayoiona, kisha shuka nayo hadi kwenye chanzo. Koki iache imefungwa kwanza.

Chimba kabla ya kumwagilia

Sogeza matandazo, chukua panga, na uchimbe vishimo viwili vya sentimita 15 hivi: kimoja chini ya tundu la matone, kingine katikati ya matundu mawili. Twaa udongo wa chini kabisa uufinye kiganjani. Ukishikana ukawa donge na kuacha ubaridi mkononi, maji yanatosha. Ukimomonyoka, pakavu. Ukiteleza, ukang'aa na kutoa harufu ya kinamasi, mizizi inakosa hewa.

Fanya hivyo asubuhi. Mchana huwezi kuhukumu mmea, kwa sababu majani mapana ya sukuma, spinachi na maboga hulegea saa saba jua likiwa kali hata pale udongo ulipo na unyevu wa kutosha. Mmea hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, kisha jioni hujisimamia wenyewe. Mmea uliolegea mchana na kusimama jioni hauumwi. Uliolegea saa kumi na mbili asubuhi ndio wa kushughulikia.

Umelegea asubuhi, na chini ni kukavu

Hapa kuna kiu ya kweli, lakini uliza kwa nini. Sababu ya kwanza ni kumwagilia kidogo kidogo kila siku. Maji hulowesha sentimita tatu za juu, jua huyachukua, na mizizi hubaki palepale juu kwa kuwa haina sababu ya kushuka. Ni afadhali kumwagilia kwa wingi zaidi kila baada ya siku mbili au tatu mpaka unyevu ufike sentimita 20, kuliko kunyunyizia kila jioni. Miche michanga haimo katika kanuni hii. Mizizi yake bado ni mifupi, inahitaji kidogo na mara kwa mara.

Sababu ya pili ni matandazo yenyewe. Nyasi kavu za unene wa sentimita 15 zikimwagiwa kwa mkebe kutoka juu hunywa maji yote kabla ya udongo kuonja. Vivyo hivyo manyunyu mepesi ya mvua huishia kwenye nyasi. Tandaza sentimita 5 hadi 10, na maji yapite chini ya matandazo: laini ya dripu ilale juu ya udongo, nyasi zije juu yake. Kama unatumia mkebe au jerikeni, fungua nyasi kidogo kwenye shina na umwage hapo.

Sababu ya tatu ni ya udongo wetu mweusi wa pamba, unaotawala upande wa mashariki wa jiji, Embakasi hadi Ruai na kuendelea hadi Athi River. Ukikauka hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono. Ukiumwagia maji mengi ghafla, yanapitia kwenye nyufa na kushuka chini ya mizizi yote, na juu unabaki na madonge makavu ndani. Ukiisha kulowa, huvimba, nyufa hufunga, na sasa maji hayaingii tena bali hutuama. Udongo huo huo, siku hiyo hiyo, una tabia mbili. Dawa yake ni kutoruhusu ukauke hadi kupasuka. Matandazo hapa yana kazi kubwa kuliko mahali pengine popote Nairobi. Kama tayari umepasuka, vunja udongo wa juu kwa jembe ujaze nyufa, kisha mwagilia kwa awamu: robo saa, pumzisha nusu saa, robo saa tena. Mwenye udongo mwekundu wa Kikuyu au Dagoretti anaweza kuruka aya hii. Wake hupokea maji kwa utulivu.

Umelegea asubuhi, na chini ni kulowevu

Hii ndiyo dalili inayopotosha watu. Jani limelegea, mkono unakimbilia koki, na kila lita inayoongezwa inazidi kuua.

Ikiwa mimea mingi imelegea pamoja, majani ya chini yamegeuka manjano na udongo unateleza, mizizi imezama. Chomoa mmea mmoja uutazame. Mizizi mizima ni myeupe na imara. Iliyooza ni ya kahawia, na ukiivuta ganda lake hutoka ukabaki na uzi. Funga maji siku kadhaa, sogeza matandazo pembeni udongo upumue, na kwa msimu ujao panda juu ya tuta lililoinuliwa sentimita 20 hivi. Vitanda vilivyochimbwa chini, ambavyo husifiwa sana kwa maeneo makavu, hufaa udongo wa mchanga. Kwenye udongo mweusi wa pamba hugeuka mabwawa mvua za Aprili zikianza. Nimeona watu wakivichimba kwa bidii kwa sababu tu walivisoma mahali fulani.

Kosa hili hutokea sana Julai. Mtu amezoea ratiba ya Februari, jua kali na upepo, halafu baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti yanaingia na koki inaendelea kufunguliwa kwa saa zilezile. Mmea hautumii maji mengi siku jua lisipoonekana.

Lakini ikiwa nyanya mmoja umelegea, wa pili pembeni uko sawa, keshokutwa wa tatu umelegea, na majani bado ni ya kijani kibichi, shuku mnyauko bakteria. Una kipimo cha bei ya bure. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kama urefu wa kidole, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, hiyo ndiyo bakteria yenyewe. Hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, usiutupe kwenye mboji, osha jembe, na usirudishe hapo nyanya, viazi, pilipili, biringanya wala managu, maana wote ni ukoo mmoja. Sukuma, vitunguu na mahindi vinaweza kuingia. Na usiache maji ya tuta hilo yatiririkie tuta la pili, kwa sababu ugonjwa husafiri na maji na matope.

Mche uliokatwa shingoni usiku na kulala chini haukunyauka. Umekatwa na sota. Chimba kuzunguka shina kina cha sentimita tano, utamkuta kiwavi mnene wa kijivu amejikunja. Kipande cha chupa ya plastiki kilichokatwa pande zote mbili na kuchomekwa kuzunguka mche humzuia.

Mwanzo wa laini pamelowa, mwisho wa laini pakavu

Dripu ya tangi haina pampu. Nguvu yake ni kimo cha maji tu. Mita 10 za kimo hutoa baa 1. Tangi lililowekwa juu ya meza ya mita 1 lina moja ya kumi ya hiyo. Laini nyingi madukani zimeandikwa kiasi zinachotoa zikiwa kwenye baa 1, na kiasi hicho hakishuki sawasawa na nguvu bali hufuata kipeuo chake cha pili. Kwa hiyo tundu lililoandikwa lita 1.6 kwa saa litakupa kama nusu lita kwenye meza hiyo. Si bovu. Inabidi uliache wazi mara tatu ya muda, basi.

Linaloumiza ni tofauti kati ya tundu moja na jingine. Ukiwa na kimo cha mita 1, mwinuko wa sentimita 30 kutoka mwanzo hadi mwisho wa tuta umeshameza karibu theluthi ya nguvu. Macho hayauoni mwinuko huo. Tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, kama mafundi wa mjengo wanavyofanya, upime ncha mbili za tuta. Laini ilale usawa, au ishuke kidogo kutoka kwenye tangi, kamwe isipande.

Kisha urefu. Seti ndogo za ndoo ambazo KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo leo ni KALRO, ilizisambaza kwa wakulima wadogo miaka ya 1990 zilikuwa na ndoo ya lita 20 kwenye kimo cha mita 1 na laini mbili za mita 15. Urefu huo haukuchaguliwa ovyo. Anayenunua rola zima na kuvuta laini ya mita 40 kutoka tangi dogo asishangae mwisho ukiwa jangwa. Kata laini, ingiza bomba kuu katikati ya shamba, ligawe maji kushoto na kulia. Urefu wa kila laini unapungua kwa nusu bila kununua kitu ila viungio.

Kujua hali halisi, weka vikopo vilivyo sawa chini ya matundu ya mwanzo, katikati na mwisho kwa dakika 15. Pima kwa sindano kubwa ya dawa au kikombe cha dawa ya watoto. Kikopo cha mwisho kikiwa na maji pungufu kwa robo au zaidi kuliko cha mwanzo, una jambo la kurekebisha. Kabla hujalaumu kimo, pita na mkono chini ya nyasi: laini iliyokunjika, jiwe lililokaa juu yake, au tundu la panya. Panya hutoboa laini wakitafuta maji, hasa Januari na Februari, na matandazo huficha uvujaji mpaka bili ije. Selotepu nyeusi haikai. Kata sehemu iliyotoboka uweke kiungio.

Matundu yameziba

Usibadilishe laini kabla ya kujua kilichoziba. Kata tundu moja lililokufa, lipasue kwa wembe, utazame kwa mwanga.

Ukiona tope au chembe za mchanga, kichujio hakipo, kimetoboka, au kimewekwa kinyume. Maji ya bauza yana tope zaidi ya watu wanavyodhani. Yaache yatulie tangini usiku mzima, na bomba la kutokea liwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Geuza matundu yatazame juu. Yakitazama chini, taka hutua ndani yake, na koki ikifungwa laini huvuta udongo kurudi ndani. Kila juma fungua ncha za laini zote na uache maji yatoke mpaka yawe safi. Kazi hii ya dakika chache huokoa laini nyingi kuliko dawa zote nitakazozitaja.

Ukiona utelezi wa kijani, ni mwani, na mwani hauishi bila mwanga. Tangi jeupe linalopitisha mwanga ndilo chanzo. Lifunike, lipake rangi nyeusi, au lijengee kivuli. Kwa kusafisha, mililita 30 za klorini ya kufulia, ile ya kawaida isiyo na manukato, kwa kila lita 100 za maji zinatosha. Jaza laini, acha zaidi ya nusu saa, kisha zisuuze ncha zikiwa wazi.

Ukiona ukoko mweupe mgumu, hiyo ni chokaa ya maji ya kisima. Loweka vipande vinavyofunguka kwenye siki usiku kucha. Kwa laini zenyewe, jaza maji yenye siki au asidi ya limau, acha hadi asubuhi, kisha zisuuze. Siki na klorini zisikutane kamwe, wala kwenye ndoo wala kwenye laini. Zikichanganyika hutoa gesi inayoumiza mapafu. Maliza moja, osha, subiri siku nyingine kwa ya pili.

Ukoko mweupe unaweza pia kutoka kwenye mbolea. Mtu anayechanganya mbolea ya kalisi na mbolea yenye fosfeti au salfeti kwenye tangi moja anatengeneza fosfeti ya kalisi na jasi ndani ya dripu yake mwenyewe. Na mbolea ya DAP ya punje haifai kupitishwa kwenye dripu, huacha machicha. Iweke kwenye shimo la kupandia.

Ncha za majani zimeungua, udongo una unga mweupe

Hii ni chumvi. Maji mengi ya visima virefu vya Nairobi yana sodiamu na baikaboneti kwa wingi. Huanzia kwenye kingo za majani ya zamani, zikawa kama zimepitiwa na moto, halafu ukuaji husimama. Mmea unakuwa na kiu huku umesimama kwenye maji, kwa kuwa chumvi iliyo nje ya mizizi huyazuia.

Kifaa kidogo cha kupima EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme kwa sababu ya chumvi iliyomo, kinatosha kukuonya. Kwa mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, maji yanayosoma chini ya 0.7 hayana tatizo. Kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu. Zaidi ya 3 ni ya hatari kwa mboga nyingi. (Soma kwa mS/cm, baadhi ya vifaa huonyesha ppm.) Mimea nayo haifanani. Maharagwe na karoti huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikifika 1, vitunguu 1.2, hoho 1.5, kabichi 1.8, nyanya 2.5, bitiruti 4. Mwenye kisima cha chumvi akipanda maharagwe, anajitafutia maneno na ardhi. Apande bitiruti au nyanya. Na kama unalima kwa ajili ya soko, peleka sampuli ya maji na udongo kwenye maabara za KALRO pale Kabete kabla ya kuchimbia pesa nyingine.

La kufanya: changanya maji ya kisima na ya mvua au ya mfereji. Mara moja baada ya muda mwagilia kupita kiasi makusudi, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, lakini kwenye tuta linalopitisha maji tu. Kwenye udongo mweusi uliokwisha kuharibiwa na sodiamu, ambao hujifunga ukoko mgumu juu na maji hayaingii kabisa, maji peke yake hayasaidii; huko jasi iliyochanganywa udongoni ndiyo hufungua njia, na kipimo chake kitoke kwenye majibu ya maabara.

Jambo moja hapa huwashangaza wengi. Dripu husukuma chumvi hadi ukingo wa duara la unyevu, na huko hukaa salama. Mvua ya kwanza ya Machi au Oktoba ikiwa nyepesi, huikokota chumvi hiyo na kuirudisha mizizini. Mkulima anafurahia mvua, anafunga dripu, na baada ya siku tatu majani yanaungua. Kwenye maji ya chumvi, mvua ya kwanza ikianza iache dripu iendelee mpaka mvua yenyewe iloweshe udongo hadi chini.

Maji ya kufulia ni jamaa wa tatizo hili. Sabuni nyingi za unga zina sodiamu. Maji ya suuza ya mwisho yanaweza kumwagwa kwenye ndizi au mpapai, siku hiyo hiyo kabla hayajanuka; kwenye dripu yasiingie, na kwenye mboga za majani yasiguse. Maji ya mto uliopita kwenye mitaro ya majitaka siyataji hata kidogo kama njia ya kuokoa maji.

Matandazo yameleta balaa

Majani yamepauka kuanzia ya chini baada ya kutandaza vumbi la mbao au maranda: vijidudu vinavyoozesha mbao vimekula naitrojeni ya udongo. Kama yametandazwa juu tu, athari ni ndogo na iko kwenye sentimita chache za juu. Kama yamechanganywa na udongo wakati wa kulima, mmea utakaa na njaa majuma mengi. Ongeza mbolea ya CAN kidogo au samadi iliyoiva, na siku nyingine vumbi la mbao libaki juu. Maranda ya banda la kuku ni kesi ya kinyume. Yana naitrojeni na chumvi nyingi, na yakiwa mabichi huunguza shina. Yalundike yaive kwanza.

Magugu yameongezeka: umetandaza mbegu. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu. Nyasi za Kikuyu, zile za kwenye uwanja, hazihitaji hata mbegu. Kila pingili ya shina ikigusa udongo wenye unyevu huota. Zianike juani juma zima, uzigeuze, na usizitandaze mpaka zikatike mkononi kwa sauti. Nyasi za uwanja uliopuliziwa dawa ya kuua magugu ya majani mapana usizichukue, hata ukipewa bure. Nyanya zitajikunja majani na hutajua kwa nini.

Mchwa wamejaa: wengi wao hupendelea kilichokufa. Ukiyaondoa matandazo yote kwa hasira, unawaachia mmea ulio hai kama chakula pekee. Ondoa mabua mazito ya mahindi, bakiza nyasi laini au mboji, na weka unyevu. Jivu husaidia likiwa kavu, ila kwenye shamba linalomwagiliwa halidumu.

Miche imeliwa majani usiku na kuna utelezi unaong'aa: konokono na koa. Unyevu na kivuli cha nyasi ndiyo nyumba yao. Usitandaze mpaka miche ikomae shina. Mwagilia asubuhi badala ya jioni. Waokote kwa tochi.

Shina limeoza pale linapotokea ardhini: nyasi zimeegemea shina. Acha nafasi ya sentimita tano. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Plastiki nyeusi kwenye tuta, Februari, huchemsha mizizi ya miche michanga. Tumia ile yenye upande wa fedha ukitazama juu, au funika plastiki hiyo kwa nyasi mpaka majani ya mmea yatoe kivuli.

Nyanya zina kitako cheusi, au zimepasuka

Kitako cheusi kilichobonyea hakitokani na kuvu wala mdudu. Kalisi haikufika kwenye tunda lilipokuwa dogo, na kalisi husafiri na maji. Mara nyingi udongo una kalisi ya kutosha. Kilichokosekana ni mtiririko usiokatika. Anayemwagilia siku za mgao tu, mafuriko Jumanne na ukame mpaka Jumatatu, ndiye hupata vitako vyeusi hata kama amepulizia kila chupa ya duka la dawa za kilimo. Weka tangi la akiba ili mgao wa siku moja ugawanywe kwa juma zima. Kupasuka kwa tunda ni ndugu wa hilo: maji mengi baada ya ukavu hujaza tunda kuliko ngozi inavyoweza kutanuka. Matandazo husawazisha yote mawili.

Kila kitu kiko sawa, lakini maji hayatoshi

Hapa hesabu ndiyo dawa. Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nairobi, mwezi wa joto kama Februari, mboga zilizofunika tuta hutumia takribani milimita 5 kwa siku. Julai kama 3. Tuta la mita 1 kwa 5 lina mita 5 za mraba, basi Februari linataka lita 25 hivi kwa siku, jerikeni moja na robo. Matandazo hupunguza sehemu inayopotea kutoka kwenye udongo, si ile ambayo mmea wenyewe huinywa, kwa hiyo usitarajie nusu ya hesabu hii mimea ikishakomaa. Akiba kubwa huonekana mimea ikiwa midogo na udongo ungekuwa uchi.

Sasa chukua ploti ya futi 50 kwa 100. Ukipanda mita 200 za mraba, unahitaji lita 1,000 kila siku. Bauza la lita 10,000 limekwisha siku ya kumi. Hakuna dripu itakayobadilisha hapo, na usimkubali fundi anayekuahidi vinginevyo. Ukipunguza hadi mita 40 za mraba, bauza lile lile linakwenda siku 50, na mboga zake zinauzika kwa mama mboga badala ya mita 200 za majani magumu machungu.

Upepo wa upande huu nao hula maji. Mstari wa mabua, wavu au mbaazi upande unakotoka upepo, ambao kwetu mara nyingi ni mashariki, huonekana kwenye tangi ndani ya juma. Kwenye mita hizo 40 za kiangazi weka kunde na terere, ambazo huvumilia. Managu na spinachi ziache kwa walio na maji. Katikati ya Februari sia mbegu za sukuma kwenye kitalu kidogo chini ya kivuli cha nyasi. Kitalu cha mita 2 za mraba kinaridhika na nusu jerikeni kwa siku, na mwisho wa Machi miche itakuwa tayari kuingia shambani udongo ukiwa umeloweshwa na mvua.